Firimbi Mara Tatu, Kisha Dawa

Njoki, mama yangu,

Mamako amekupeleka kanisani ukaagwe, nami nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha goti. Goti haliumi. Nilitaka saa mbili za kimya niandike, kwa sababu kesho mchana utakuwa angani, na mimi najijua. Nikisimama pale uwanja wa ndege nitakuuliza kama umebeba chaja, basi. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Moyo unasema jambo moja na mdomo unauliza habari za chaja.

Mambo ya soksi nzito, jaketi na kutafuta Wakenya wenzako sitayagusa. Mamako ameyasema mara nne na mara ya tano iko njiani. Mimi nina neno moja tu, ila litanichukua kurasa kadhaa, unisamehe. Linahusu ile video uliyonionyesha.

Nilikuwa nimetoka kazini, mchanga bado uko kwenye nyusi, chai yangu ya karak mkononi. Ukaniwekea simu mbele ya uso, ukasema, "Baba, ona kitu tutakachofanya wiki tatu za kwanza, kabla ya darasa kuanza." Nikaona helikopta. Chini yake kulikuwa na mabomba yametandazwa kama mabawa ya panzi, na nyuma yake ukungu mweupe unashuka polepole juu ya miti. Kisha aliyekuwa akipiga picha akainua kamera, nikaona msitu wenyewe. Njoki, nilisahau kunywa chai. Msitu ulikwenda mpaka pale mbingu inapoanza, na pale ulipoishia ni kwa sababu jicho lilichoka. Ile helikopta, yenye kelele zote zile, ilionekana kama nzi aliyepotea sebuleni.

"Wanamwaga nini?" nikakuuliza.

"Dawa ya magugu."

"Magugu yako wapi? Mimi naona miti."

"Hiyo miti ndiyo magugu, baba."

Ukacheka ulivyoniona nimeshika kichwa. Halafu ukanieleza kwa subira, kama mwalimu wa chekechea na mtoto mzito. Kwamba huko Kanada kaskazini, msitu ukishakatwa au kuungua, wa kwanza kurudi si misonobari. Wanaorudi kwanza ni miti ya majani mapana, ile yenye magome meupe, na vichaka vya matunda madogo. Inaota kwa fujo na kuifunika miche ya misonobari iliyopandwa kwa mkono, na kampuni za mbao zinataka misonobari. Kwa hiyo wanangoja mwisho wa kiangazi. Wakati huo msonobari umekwisha kujifunga, machipukizi yake yamekaza, hauli tena. Ile mingine bado inakula. Dawa ikishuka, inayokula inakufa na iliyofunga mdomo inapona. Nilipiga hesabu hiyo kichwani mara tatu. Nani aliyekaa na miti muda mrefu hivyo mpaka akajua siku ambayo msonobari hufunga mdomo?

Na ulikuwa bado hujamaliza, ukaniongezea lile la mizizi. Kwamba mti mmoja wa magome meupe unaweza kuwa si mti mmoja, ni shina moja kati ya mashina mamia yanayotoka kwenye mzizi uleule chini ya ardhi. Mlima mzima unaweza kuwa kiumbe kimoja. Moto ukipita juu, mzizi umelala chini unangoja, mvua ikija unatoa mashina mapya. Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria hicho kitu kilicholala chini, kizee kuliko kanisa lolote, na watu juu yake wanakiita gugu.

Wewe unajua kazi yangu. Miaka kumi na minne ninatunza mabomba ya maji ya miti ya barabarani hapa Doha. Kila mti ninaoujua una bomba lake, na kila bomba lina namba. Bomba likiziba siku mbili za mwezi wa saba, mti umekwenda. Nimewahi kukaa barabarani Al Wakrah saa saba mchana nikinyonya mchanga kwenye tundu la bomba kwa mdomo, kwa ajili ya mti mmoja tu usiozaa hata tunda. Mudir, yaani mkubwa wetu, akapita na gari, akashusha kioo, akaniangalia, akaendelea. Sasa unaniambia kuna msitu ambao hakuna mtu aliyewahi kuumwagilia hata kikombe.

Lakini wewe hukuanza leo kunishangaza kwa miti. Ulikuwa na miaka saba tulipokupeleka nyumbani Kenya mara ya kwanza tangu uanze kukumbuka. Ulishuka kwenye gari, ukauendea mparachichi wa shosho yako, mama yangu, ukauzunguka mara mbili ukitazama chini. Kisha ukaniuliza, "Baba, bomba lake liko wapi?" Shosho alicheka mpaka akakaa chini. Akakwambia, "Bomba lake liko juu, linafunguliwa na mwenyewe." Ukatazama juu muda mrefu sana. Naona hapo ndipo ulipochagua kusomea misitu, sisi ndio hatukujua.

Haya. Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Siku ile ya video ulimalizia kwa kuniambia kazi utakayopewa wewe. Ukasema, "Mimi sitapanda helikopta. Nitakuwa chini. Napima upepo, natembea eneo lote kuhakikisha hakuna mtu, nasaini fomu, ndipo rubani anaruka." Mimi nikaenda kuoga. Ukamwambia mamako kwamba mzee amechoka. Sikuwa nimechoka. Kazi hiyo niliwahi kuifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa ofisa wa msitu huko kwetu juu, kwenye mashamba ya saiprasi ya serikali. Nilipewa kofia, buti na firimbi. Usicheke. Katika kijiji chetu kijana mwenye buti za serikali alikuwa mtu. Kwa mshahara wa kwanza nilimnunulia mama yangu, shosho yako, shali ya buluu. Alikuwa akiivaa hata akienda kukamua.

Utaratibu wa huko ulikuwa hivi. Msitu ukikatwa, wanakijiji wanagawiwa vipande walime viazi na mahindi, na wakipalilia viazi wanapalilia na miche ya saiprasi humohumo. Miche ikikua, baada ya miaka mitatu hivi, wanaondolewa. Kwenye karatasi, wakishaondolewa, hakuna mtu tena mle ndani. Lakini ardhi haisomi karatasi. Managu, ile mboga ya mnavu, yaliendelea kujiotea katikati ya miche, mazito, meusi, matamu kuliko ya shambani, na akina mama waliendelea kuyafuata kwa siri. Askari wa msitu wakiwakamata waliwanyang'anya magunia na kuwafungia kituoni mpaka jioni. Na askari walikuja na firimbi. Kwa hiyo kila mtu kijijini, hata mtoto, alijua sheria: ukisikia firimbi, lala chini, usipumue. Mimi mwenyewe nimelala hivyo nikiwa na miaka sita, uso kwenye matope, mkono wa mama umefunika mdomo wangu.

Kumbuka hilo, Njoki, kwa sababu ndilo linaloninyima kila kisingizio.

Mwaka ule wakulima walikuwa wamesimamishwa mapema na vichaka vikaifunika miche. Ofisi ikaleta dawa ya magugu. Hatukuwa na helikopta, tulikuwa na wanaume sita wenye mabomba ya mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kuingia kwanza, kutembea mpaka mwisho wa kitalu, kupuliza firimbi mara tatu kila pembe ili watu watoke, kisha kurudi na kusaini kwamba hakuna mtu. Aliyeitunga kanuni hiyo hakuwahi kulala kwenye matope ya kwetu. Alidhani firimbi inaita watu watoke. Mimi nilijua inawalaza.

Niliingia. Kulikuwa na matope na umande, nikatembea hatua kama thelathini hivi, nikapuliza mara tatu, msitu wote ukanyamaza. Nilipogeuka nirudi nikaona kitu cha buluu chini ya kichaka, hatua nne kutoka nilipo. Ilikuwa pembe ya shali.

Nimejaribu miaka yote kujiambia kwamba sikuitambua. Niliitambua. Niliinunua mwenyewe, niliichagua kati ya tatu. Nilisimama pale, na katika muda ule nilifikiri mambo mengi kuliko niliyofikiri mwaka mzima. Nikimwita, wale sita watamwona mama wa msaidizi wa ofisa anatoka kichakani na gunia. Nitachekwa, nitaripotiwa, buti zitavuliwa. Nikinyamaza, labda atatambaa atoke upande wa pili. Labda dawa ni ya majani tu. Nilijipa labda nne au tano, nikageuka, nikarudi barabarani. Msimamizi akaniuliza, "Kuko sawa?" Nikasema, "Hakuna mtu. Anzeni." Nikasaini.

Walinyunyiza dawa asubuhi yote na mimi nilikaa kwenye jiwe nikitazama ukungu ukiingia mle.

Jioni nilipofika nyumbani shali ilikuwa imefuliwa, imeanikwa, bado inanuka dawa. Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amepika managu na ugali. Nikamuuliza ameyatoa wapi. "Kule mtoni," akasema, bila kugeuka. Alijua ninajua kwamba mtoni hakuna managu. Akanipakulia. Nikasema nimekula kazini. Akakaa akala peke yake, taratibu, na mimi nikakaa mbele yake nikimtazama anakula. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikusema. Macho yake yakawa mekundu siku mbili, akasema ni moshi wa kuni.

Sitakudanganya kwamba dawa ile ilimuua. Haikumuua. Ulimjua, uliona alivyokuwa ngangari. Alikufa kwa uzee, akiwa amekula managu mengi mengine. Wala sitajifanya najua kama dawa ya huko uendako ni mbaya au si mbaya; wataalamu wenyewe wanabishana, na wewe utajua kuliko mimi. Hilo ni lako la kusoma. Langu ni lile la hatua nne.

Miaka kadhaa baadaye nikiwa hapa, nimekaa ukingoni mwa barabara Abu Hamour wakati wa mapumziko, shosho yako akanipigia simu. Alikuwa amezeeka na alikuwa na siku zake za kukumbuka. Akaniambia, "Unakumbuka siku ile ya firimbi? Niliona viatu vyako. Vilisimama, halafu vikageuka. Nikajua mwanangu ameniona na amenificha. Wengine wangemtoa mama yao ili wasifiwe. Sijawahi kukushukuru."

Alinishukuru, Njoki. Mwanamke aliyelala kwenye matope akinyeshewa dawa ili mwanawe asipate aibu, akanishukuru kwa simu. Miaka yote ile alikuwa ameitunza kama zawadi. Nilitazama yale mabomba yangu kando ya barabara, tone, tone, tone. Nikasema, "Ni sawa, maitu." Yaani ni sawa, mama yangu. Hilo tu. Nikajiambia nitamwambia ukweli nikienda likizo, ana kwa ana. Ruhusa ilipotoka alikuwa ameshazikwa.

Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na nilichokosa kukizaa ni maneno machache ambayo angeyasikia, angeweza kunisamehe akiwa hai.

Kwa hiyo siku ile nilipotoka kuoga nilikuuliza swali moja, ukaona la ajabu. Nilikuuliza, "Huko watu wanajuaje kwamba dawa inakuja?" Ukanijibu, "Kuna alama barabarani, baba. Kubwa, za rangi." Nikakuuliza nani hupita barabara hiyo. Ukasema magari ya mbao, wawindaji, na wenyeji wa asili wanaokuja kuchuma matunda, kwa sababu matunda huiva wakati huohuo wa dawa. Nikauliza, "Na wenyeji hao, wote huja kwa barabara?" Ukafikiri. Ukasema, "Wengine huja kwa mto, nafikiri. Walikuwako kabla ya barabara."

Basi. Alama zile ni firimbi yangu. Aliyeziweka alidhani zinasema na kila mtu.

Sikwambii usiende. Ungeniuliza mimi, ningekubeba mgongoni mpaka huko. Ninakuonea fahari mpaka natembea vibaya. Jana nimemwambia Mpakistani tunayefanya naye kazi kwamba binti yangu atasimama chini ya helikopta na kuiamuru, naye sasa anawaambia wengine kwamba wewe ni rubani. Nimemwacha hivyohivyo. Na kuna jambo jingine: nikifikiri kwamba mguu wako, uliokulia kwenye vigae vya hapa Al Thumama, utakanyaga juu ya ule mzizi mzee uliolala, nywele zinanisimama. Yule mnyama wao mwenye pembe kama mabeleshi atakutazama. Theluji itaanguka bila mtu kufungua bomba. Vaa macho yote uliyonayo.

Ila asubuhi itakuja, naijua kama ninavyoijua harufu ya dawa ile. Upepo utakuwa umetulia kwa saa moja tu. Injini itakuwa inanguruma, rubani anaangalia saa, mkubwa wako anakuuliza kwa macho kama kuko sawa. Mkononi una fomu yenye mstari unaosema hakuna mtu. Na wewe utakuwa umeona kitu. Ndoo chini ya kichaka, labda. Mtumbwi umefungwa kwenye mti. Kitambaa. Kitakuwa kidogo, na mdomo wako utakuwa mzito, na sababu za kunyamaza zitakuja zote kwa pamoja zikiwa zimevaa vizuri.

Siku hiyo usipige kelele kutoka barabarani. Tembea. Zile hatua nne, zitembee. Inama, fungua majani, sema na aliye chini kwa jina lake, na kama hujui jina lake mwambie lako. Kisha rudi uwaambie wazime injini. Watanuna. Watakuandikia vibaya, pengine watakurudisha darasani. Rudi hata Doha ukitaka, chumba chako hakina haraka ya kupangishwa.

Nasikia lifti. Nadhani ni nyinyi. Nasikia mamako akikutajia soksi, na sijui hii ni mara ya ngapi.

Unajua kwa nini nakuita mama tangu siku ile nilipokupokea ukiwa umefungwa blanketi. Wewe ni binti yetu wa kwanza, na kwa desturi ya kwetu jina la mama yangu lilikuwa likikungoja. Wazee husema anayepewa jina si kwamba anakumbusha mtu, ni yeye mwenyewe amerudi. Nilipokuwa kijana niliona ni maneno ya kufurahisha akina bibi. Lakini nimezeeka, na yule niliyepaswa kumwambia amezikwa, na wewe uko mlangoni unatafuta ufunguo. Kwa hiyo nakwambia wewe, na wewe ukiweza unisamehe kwa niaba yenu nyote wawili, wewe na yeye.

Maitu, nilikuona. Sikukuficha. Nilikuona, nikasema hakuna mtu.

Ni mimi, mwanao na babako.